Mashine ya Kamari Mlangoni: Nani Alitoa Ruhusa?

Barua za mwezi huu nyingi zinauliza jambo moja kwa sauti tofauti: kamari imefika mtaani, na wakazi hawajui aliyeifungulia mlango. Wengine wamekasirika, wengine wamechanganyikiwa, na mmoja ana biashara yake anayotaka kuiendesha bila ugomvi. Tumechagua barua sita. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa kuwa maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Hamjambo wahariri. Katika soko letu dogo, karibu na shule ya msingi, kuna duka limeweka mashine tatu za kamari, zile za kutumbukiza sarafu. Nilikwenda kwa chifu, akasema hiyo ni kazi ya kaunti. Kaunti wakasema ni kazi ya Nairobi. Ni nani hasa anayeruhusu?
*Mama wa wanafunzi wawili, Kilifi*

Mama, kaunti na Nairobi, yaani serikali kuu, wote wawili wanahusika, na ndiyo maana imekuwa rahisi kukuzungusha. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliigawa kazi hii. Serikali kuu ilipewa kamari ya kiwango cha kitaifa. Kaunti zikapewa kamari na kasino katika Sehemu ya Pili ya jedwali hilo, kwenye kipengele kimoja na leseni za pombe, sinema, maktaba na fuo za bahari. Kwa lugha ya mtaani: kampuni na mchezo wake ni mambo ya Nairobi, mahali mchezo unapochezewa, yaani duka, jengo na mtaa, kaunti haiwezi kusema hapahusiki nayo. Chifu hatoi leseni ya kamari, lakini akipata habari kuwa watoto wanacheza anaweza kuwaita polisi, na hilo umwombe kwa maandishi.

Usiulize tena "nani aliruhusu?" Uliza karatasi tatu, moja baada ya nyingine. Ya kwanza ni leseni ya mchezo wenyewe. Angalia tarehe yake, kwa sababu ile sheria ya zamani ya kamari ya 1966 imeondolewa na Sheria ya Kudhibiti Kamari ya 2025, na karatasi iliyochakaa ukutani si lazima iwe bado hai. Ya pili ni leseni ya biashara ya kaunti. Hii isome polepole: ina jina la mwenye biashara, mahali ilipo, muda wake, na mstari unaoeleza ni biashara ya aina gani. Mstari huo ndio unaowaponza wengi. Ukisema "duka la rejareja", na nyuma ya pazia kuna mashine tatu zinamulika taa, basi leseni hiyo haikutolewa kwa kazi inayofanyika pale, hata kama ada imelipwa yote. Ya tatu ni idhini ya matumizi ya jengo kutoka idara ya mipango.

Ukinyimwa majibu, tumia Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Andika barua kwa ofisi ya kaunti, taja duka na mahali lilipo, omba nakala za karatasi hizo. Huhitaji kueleza unazitakia nini. Wana siku 21 za kukujibu, na wanaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu. Wakinyamaza, lalamiko linakwenda Tume ya Haki ya Utawala. Peleka barua kwa nakala mbili, na usiondoke kwenye kaunta mpaka nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na mhuri ni rahisi kukanwa.

Wakati huohuo, weka daftari: siku, saa, watoto wangapi waliovaa sare walionekana ndani. Umri wa chini ni miaka 18, kwa hiyo kila mstari wa daftari hilo ni madai ya kosa. Piga picha ya duka kwa nje, si nyuso za watoto. Na tunakusihi, mashine zisivunjwe wala kuchomwa na wakazi. Kuharibu mali ya mtu ni kosa la jinai, na kesi itageuka: mwenye duka atakuwa mlalamishi na ninyi mtakuwa washtakiwa.

Mwezi jana tuliitwa baraza, tukagawiwa soda na karatasi ya kuandika majina, nambari za kitambulisho na sahihi. Sasa kuna jumba la kamari linajengwa, na tukilalamika tunaonyeshwa karatasi ileile: "Wakazi walikubali." Tumefungwa?
*Mzee wa mtaa, Nakuru*

Mzee wetu, hamjafungwa, lakini siku zinahesabika. Orodha ya waliohudhuria inathibitisha jambo moja tu, kwamba mlikuwapo. Kukubali ni kauli inayopaswa kuonekana ndani ya kumbukumbu za mkutano: nani alieleza mradi, wakazi waliuliza nini, walijibiwa vipi, waliopinga ni wangapi. Andikeni barua wiki hii hii, mtie sahihi wachache mliokuwapo, mseme wazi kuwa sahihi zenu zilikuwa za mahudhurio, na mdai nakala ya kumbukumbu hizo. Safari nyingine, kabla ya kalamu kugusa karatasi, soma kichwa chake. Kama juu hakuna maneno, yaandike wewe: "Mahudhurio tu." Kama kuna nafasi tupu kati ya kichwa na jina la kwanza, pitisha mstari.

Halafu mtenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kaunti ikitunga sheria ya kamari au ya ada, bunge la kaunti linawajibika kuushirikisha umma. Hilo limo katika kifungu cha 196 cha Katiba. Lakini jengo moja likitaka kugeuzwa, tuseme ghala kuwa jumba la kamari, njia ni nyingine: ni Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019. Hapo mwombaji anatakiwa kuutangazia umma mradi wake, na tangazo liwaalike watu kupeleka pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika na mipango. Baraza la soda halichukui nafasi ya tangazo hilo.

Sasa sikiliza sehemu inayowaumiza wengi. Mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria inachukulia kwamba idhini imetolewa. Kwa hiyo afisa anayewaambia "tulieni, bado hatujaamua" huenda anawapotezea muda bila kujua, au akijua. Ulizeni ombi liliingia tarehe gani, muihesabu wenyewe siku ya 60, na pingamizi lenu lifike mapema kabla yake.

Uamuzi ukishatolewa na hamjaridhika, mna siku 14 tu za kukata rufaa kwenye Kamati ya Uratibu ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya kaunti. Siku hizo zinaanza kuhesabiwa tangu uamuzi, si tangu mliposikia uvumi sokoni. Mkishindwa hapo, mlango unaofuata ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wengi hukimbilia kwa wakili na mahakamani moja kwa moja, kisha wanarudishwa kwa sababu waliiruka kamati.

Pingamizi lenyewe liandikwe vipi? Tumeona pingamizi nyingi zenye ukurasa mzima wa "vijana wetu wataharibika". Ni kweli, tena inauma, lakini afisa wa mipango hana pa kuliweka neno hilo kwenye fomu yake. Anachoweza kukipima ni mahali. Pimeni umbali kutoka lango la shule hadi mlango wa jumba kwa kamba ya mita, mkipitia njia wanayopita watoto. Hesabuni maduka ya kamari, baa na meza za pool zilizopo tayari ndani ya mita 300. Tazameni mlango unaelekea wapi, taa za barabarani zinaishia wapi, na saa za kufunga zilizoombwa ni zipi. Kisha mwandike hivi: "Mlango wa jengo uko mita 85 kutoka lango la shule, upande uleule wa barabara. Wanafunzi wa gredi ya 7 na ya 8 hutoka saa kumi jioni na kupita mbele yake. Ndani ya mita 300 kuna sehemu nne za kamari. Tunaomba ombi likataliwe. Na kama halitakataliwa, mlango uhamishiwe nyuma na jumba lisifunguliwe kabla ya saa kumi na mbili jioni." Ombi mbadala la mwisho msiliache. Kaunti inayoona aibu kukataa kabisa mara nyingi hukubali masharti, na masharti yaliyoandikwa yanaweza kusimamiwa.

Mwakilishi wadi wetu anasema tusipinge, kaunti itapata pesa za dawa na barabara. Kuna ukweli?
*Mwanachama wa chama cha akina mama, Kisumu*

Upo kidogo, na inafaa mwuone ni kidogo kiasi gani. Ushuru mkubwa wa kamari hukusanywa na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na kuingia serikali kuu, ukiwemo ule wa asilimia 15 ya mapato ya kampuni baada ya washindi kulipwa. Kaunti inabaki na ada za leseni zake na za mabango. Kiwango cha ada hizo kimeandikwa katika Sheria ya Fedha ya kaunti yenu, kwenye jedwali refu la nyuma ambalo hakuna anayelifungua. Lifungueni. Tafuteni mstari wa kamari, mwandike ada ya mwaka kwenye karatasi.

Upande wa pili wa karatasi hiyo pigeni hesabu ya pesa zinazotoka. Tuchukue mfano wa mashine inayokula sarafu ya shilingi 20 na kurudisha, kwa wastani, asilimia 90. Kila mchezo unabaki na shilingi 2. Michezo mitano kwa dakika ni shilingi 10. Kwa saa ni 600. Mashine ikichezwa saa sita kwa siku inameza 3,600, kwa mwezi wa siku 30 ni 108,000. Mashine tatu: 324,000 kwa mwezi, karibu milioni 3.9 kwa mwaka. Badilisheni nambari zilingane na mtaa wenu, hata mzipunguze nusu. Kisha mlinganishe na ada ile ya upande wa kwanza.

Na hilo neno "inarudisha asilimia 90" linapotosha. Mtu mwenye shilingi 500 anadhani ataondoka na 450. Angeondoka nazo kama angezicheza mara moja akasimama. Lakini anachorudishiwa anakitumbukiza tena: 500 inakuwa 450, halafu 405, halafu 364. Baada ya kuzungusha pesa hizo mara saba amebaki na takriban 239, na kwa mwendo wa michezo mitano kwa dakika imemchukua kama dakika 26. Hiyo ni mashine iliyokaguliwa. Ile iliyoingizwa usiku bila leseni, hakuna aliyepima inarudisha ngapi.

Dada zetu, mkienda mbele ya kamati na karatasi hiyo, mtakuwa na jambo la kujibiwa. Mwe wakweli pia: jumba lenye leseni huajiri mhudumu na mlinzi, semeni hivyo kabla hamjaulizwa. Na mkubali kwamba kukataa jengo hakuzuii kubeti kwa simu. Hilo liko mikononi mwa serikali kuu, na kaunti haina kitufe cha kulizima.

Assalamu alaikum. Mji wetu karibu wote ni Waislamu. Kwa nini kaunti isipige marufuku kamari moja kwa moja kwa kuwa ni haramu?
*Msomaji, Lamu*

Waalaikumu salaam. Kwa sababu kifungu cha 8 cha Katiba kinasema hakuna dini ya taifa, na sheria ya kaunti iliyoegemea dini peke yake itaangushwa mahakamani mapema. Msimamo wenu wa imani ni haki yenu kuutamka katika kikao chochote, lakini nguzo za sheria ziwe nyingine: watoto, umbali, saa, wingi wa sehemu hizo. Ninyi mna nguzo moja ambayo miji mingine haina. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, na kubadilisha matumizi ya nyumba mle, kuning'iniza bango la taa au kubomoa baraza ya mbele ili kupanua mlango si jambo la mwenye nyumba peke yake. Peleka nakala ya pingamizi kwa ofisi ya uhifadhi pia.

Sisi vijana tunataka wadi yetu iamue yenyewe kwa kura. Inawezekana, au tuandike ombi kwa bunge la kaunti?
*Kikundi cha vijana, Kakamega*

Yote mawili yanawezekana, ila hayalingani kwa ugumu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 90, inaruhusu kura ya maoni ya mahali kuhusu sheria za kaunti na maombi ya wananchi, au maamuzi ya mipango na uwekezaji. Sharti ni ombi lililotiwa sahihi na angalau asilimia 25 ya wapiga kura waliosajiliwa katika eneo hilo. Wadi yenye wapiga kura 16,000 inahitaji sahihi 4,000. Kusanyeni 5,000, kwa sababu zitakatwa: kuna walioandika mara mbili, kuna walioacha nambari ya kitambulisho, na wengi zaidi ni wale wanaoishi hapo lakini wamejisajili kupiga kura kwao kijijini. Tena kifungu kinasema kaunti "inaweza" kufanya kura hiyo. Hakisemi italazimika. Kwa hiyo sahihi 4,000 ni shinikizo kubwa, si ufunguo.

Tunawashauri muanze na ombi la kawaida chini ya kifungu cha 15 cha sheria hiyohiyo. Kila mtu ana haki ya kuliomba bunge la kaunti litunge, libadilishe au lifute sheria yake. Sahihi moja inatosha, ingawa mia tatu zinasikika vizuri zaidi. Liandikwe kwa Kiswahili au Kiingereza, bila kufutafuta wala kuingiza maneno juu ya mstari. Lieleze tatizo, liseme mlishamwendea nani na alijibu nini, liseme kama jambo liko mahakamani au la, na limalizie kwa mnachokitaka hasa. Si "mtusaidie", ni "bunge liweke katika sheria umbali wa chini kati ya sehemu ya kamari na shule, na liagize leseni zilizo ndani ya umbali huo zisihuishwe". Mkabidhi karani wa bunge, au mumpe mwakilishi wadi aliwasilishe.

Kosa linalozika maombi mengi ni dogo mno. Ukurasa wa kwanza una maneno, na kurasa tisa zinazofuata zina majina matupu. Kila karatasi ya sahihi iwe na kichwa cha ombi juu yake, tena kabla ya mtu wa kwanza kutia sahihi. Bila hicho, yeyote anaweza kusema majina hayo yalikusanywa kwa ajili ya mabati ya kanisa. Kila mstari uwe na jina kamili, makazi, nambari ya kitambulisho, na sahihi au dole gumba. Asiyejua kuandika asitiliwe sahihi na mwanawe. Dole gumba lake ni halali na lina nguvu yake.

Baada ya hapo ombi hupelekwa kwa kamati. Ombeni kwa barua kuitwa mbele yake, na mpeleke watu wawili wanaoijua hesabu, si basi zima la watu wa kupiga kelele nje.

Na wewe mwenye meza mbili za pool uliyetuandikia kutoka Thika ukiuliza kama haya yanakugusa: yanakugusa. Pool ni mchezo. Dau likiwekwa mezani inakuwa kamari, na mteja akiweka dau kwa siri bado ni ukumbini mwako. Lipa leseni ya meza kaunti, bandika ukutani kwamba walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi na dau haliruhusiwi, usifungue saa za shule, na mwandikie mwalimu mkuu wa shule ya karibu umpe nambari yako ya simu. Mwenye ukumbi anayejulikana na mwalimu hupigiwa simu kwanza, kabla ya askari.

Kijijini kwetu kuna dubwi, yaani mashine ya kamari, kwenye kibanda cha chipsi. Haya mnayowaeleza Wakenya yanatuhusu?
*Msomaji, Morogoro*

Ndugu, kwenu utaratibu ni mwingine. Tanzania Bara leseni zote ziko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, kwa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Kwa hiyo lalamiko kuhusu mashine yenyewe liende Bodi, likitaja kibanda, kijiji, kata, na nambari yoyote iliyobandikwa kwenye mashine. Kama haina nambari wala kibandiko chochote, taja hilo kwanza.

Lakini kijiji kina uwezo ambao watu wameusahau. Halmashauri ya kijiji inaweza kutunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982. Rasimu inapelekwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wananchi watoe maoni, kisha inakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa. Haitaweza kufuta leseni ya Bodi, kwani sheria ndogo haiwezi kupingana na sheria mama. Inaweza kugusa saa za vibanda, watoto kukaa vibandani wakati wa masomo, na usafi wa eneo la biashara. Mkutano mkuu hukaa kila baada ya miezi mitatu, basi mpe mtendaji wa kijiji ajenda kwa maandishi mapema, aibandike kwenye mbao za matangazo. Ajenda iliyoletwa siku ya mkutano huangukia "mengineyo", na ikifika hapo nusu ya watu wameshaondoka. Kama unaishi mjini, mtaa hauna uwezo huo wa kutunga sheria ndogo; mwenyekiti wa mtaa apeleke hoja kwa diwani, naye aifikishe halmashauri ya manispaa.